Majani Mabichi kwenye Sahani za Wakwe

Mkitaka kucheka mcheke polepole, kwa sababu mwenyewe bado nikikumbuka masikio yananiwaka, na dada yangu Neema akiona tu kitunguu saumu ananiangalia kwa jicho ambalo sitaki hata kulieleza. Lakini nimeona bora niandike mwenyewe kuliko kuwaachia watu wa Mwakiro, maana wao wameshauongezea chumvi mkasa huu mpaka haulambiki (wapo wanaosema baba mkubwa alizimia, na si kweli, alikaa tu chini ghafla kwa sababu alidhani kiti bado kipo).

Mimi naitwa Kezia, nasoma sekondari Gitega, nakaa huko kwa mama mdogo, na nina aibu. Si ile aibu ya kupendeza ya wasichana wanaoangalia chini na kutabasamu, hapana, yangu ni ya kwamba mtu akiniuliza jambo mbele ya watu sauti inashuka tumboni, inajikunja huko kama paka, na haitoki mpaka watu wameondoka. Mwalimu akiniita ubaoni jibu naandika, ila kulisoma kwa sauti, anisamehe. Nyumbani kwetu ni Muyinga, huko Mwakiro, ambako baba na mama wanalima. Sisi watoto wote tulizaliwa Tanzania, tukarudi Burundi mimi nikiwa bado mdogo, na ndiyo maana mpaka leo tukiongea Kirundi kuna majirani wanatabasamu, na wapo wanaotuita marapatriye, yaani waliorudi kutoka ukimbizini, hata baada ya kulima nao na kuzika nao miaka yote hii. Hilo la marapatriye mliweke pembeni, mtalihitaji.

Sasa, mama mdogo anapika kwenye nyumba ya wageni ya masista pale Gitega, na Jumamosi huwa naenda kumsaidia kumenya viazi. Kuna sista mmoja mzee, Mwitaliano, anaongea Kirundi cha kuimbaimba, na siku moja alikuja jikoni akaona nyama ya ng'ombe imeiva, mafuta yanaelea juu, akatikisa kichwa, akachukua kisu. Alichofanya ni kidogo mno kiasi kwamba nilidhani anatania. Alichukua persili (yale majani yanayofanana na ya karoti, Gitega sokoni yapo), akayakatakata mpaka yakawa kama vumbi la kijani. Akakatakata kitunguu saumu kibichi. Akakwaruza ganda la ndimu, ile njano ya juu tu, akaniambia nikifika kwenye nyeupe niache kwa sababu nyeupe ni chungu. Akachanganya kwa vidole, akanyunyiza juu ya nyama. Basi. Akasema inaitwa gremolata, na akanishika mkono kabisa aliponiambia, "Mwishoni, binti. Mwishoni kabisa, nyama ikishafika kwenye sahani. Ukiipika umeiua."

Nilionja. Jamani. Nyama ile ile ya siku zote ilikuwa kama imefunguliwa dirisha. Nikarudi nyumbani kwa mama mdogo nikiwa nimeamua kwamba siku Neema wetu atakapokuja kuulizwa na watu, mimi nitawanyunyizia gremolata.

Na siku yenyewe haikukawia. Neema alipata mchumba, Emery, kijana wa Itaba, upande wa Gitega, mpole, anafundisha shule ya msingi, na familia yake wakatuma habari kwamba watakuja Mwakiro kushika mlango, yaani *gufata irembo*, kuja rasmi na vinywaji kusema kwamba kwenye nyumba hii kuna msichana tumemwona. Kila mtu kwetu alifurahi huku anaogopa. Kwa sababu Neema alishawahi kushikiwa mlango na watu wengine, wakala, wakanywa, wakaenda, wakanyamaza. Baadaye tukasikia walisema, hao marapatriye hatujui desturi zao, wametoka na nini huko. Neema hakulia mbele yetu ila aliacha kuimba akifua nguo kwa muda mrefu sana. Emery alipotokea ndipo akaanza tena. Kwa hiyo mnaelewa: siku ile haikuwa ya kuchezea, na ndiyo siku niliyoichagua mimi.

Nilitoka Gitega na persili yangu nimeifunga kwenye kitambaa chenye maji, nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Nilipofika na kufungua, nusu ilikuwa imekuwa njano. Nikatupa ile mbovu, ile nzuri iliyobaki ikajaa kiganja kimoja. Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo (nilivyouona siku ile mdogo, sasa hivi ninauona mkubwa kama kilima): kwa kuwa hayatoshi watu wote, nikasema nitawawekea wageni peke yao. Heshima si ni ya mgeni? Na nikaamua pia nisimwambie mtu. Kidogo nilitaka kumshangaza Neema, lakini sababu kubwa, niseme ukweli, ni kwamba kumwambia mama kulikuwa na maana ya kusimama katikati ya jiko lililojaa wanawake wa jirani na kueleza. Kueleza! Mimi!

Nikajificha nyuma ya jiko. Hatuna kikwaruzo, tunalo kopo la nyanya lililotobolewa kwa msumari ambalo mama hukwaruzia muhogo, nikakwaruzia ndimu hapo. Mama akapita, akaona ndimu zimekaa kwenye ungo zikiwa nyeupe, zimevuliwa nguo.

"We Kezia, hizo ndimu zimekukosea nini?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna nini? Umezichuna!"

Nikainama, akaitwa na mtu kuhusu wali, akaenda. Nikamshukuru Mungu. (Nilimshukuru mapema.)

Wageni wakafika. Walikaa chini ya hema uani, wao upande huu sisi upande ule, tukitazamana kama timu mbili kabla ya filimbi. Msemaji wao alikuwa mzee mwenye kofia nyeusi ambaye hakuivua hata kwenye sala, aliisogeza tu. Pembeni yake shangazi wa Emery, Mama Goreti, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, maana anauza ndizi Gitega na Kiswahili anakijua kile cha pale, cha kuchanganya. Msemaji wetu alikuwa baba mkubwa Yeremia. Wakasemezana yale ya desturi, ya kutafuta ng'ombe aliyepotea sijui nini, watu wakacheka panapostahili, chupa zikafunguliwa mezani mbele ya macho ya wote, na chakula kilipoletwa baba mkubwa akachota nyama ya mbuzi kwenye sufuria kabla ya mtu yeyote, akatafuna, akameza, akafungua mdomo waone.

"Nimekula," akasema, "na kama mnavyoniona bado niko hai na bado nina njaa."

Wakacheka, wakapakuliwa. Kwetu ndivyo ilivyo, mgeni halishwi kitu ambacho mwenyeji hajakionja mbele yake, kwa sababu ya mambo ya sumu, watu wanaogopana, na hata pasipo uoga ni heshima tu. Hili nililijua tangu nikiwa natambaa. Nililijua kabisa, ndilo linaloniuma.

Kwa sababu sahani zilipokwisha kukaa mbele ya wageni, nyama inatoa moshi, mimi nikakumbuka mkono wa sista. Mwishoni, mwishoni kabisa. Nikatoka nyuma ya jiko na bakuli langu. Na kwa kuwa nina aibu sikumtazama mtu usoni, sikusema karibuni, sikusema chochote, nikaanza na mzee mwenye kofia, nikanyunyiza vidole vitatu vya majani mabichi juu ya nyama yake, nikahamia kwa Mama Goreti, nikanyunyiza, nikahamia kwa anayefuata, kimya, nimeinama, mwendo wa paka, upande wa wageni tu. Upande wetu sikugusa hata sahani moja.

Nilipofika mwisho wa mstari ndipo nikasikia kwamba hakuna kijiko kinachogonga sahani.

Nikainua kichwa. Wote walikuwa wananitazama mimi. Wengine walikuwa wanalitazama bakuli.

"We mwana," Mama Goreti akasema taratibu, "iyi majani iko ya nini?"

Sauti yangu ikashuka tumboni ikajikunja.

"Nani amekutuma uwekee sisi?"

Nikatikisa kichwa. Nikajikaza, nikatafuta neno la kweli, kwa maana mama alitufundisha ukibanwa sema kweli, na kweli iliyotoka ni hii: "Hakuna aliyenituma. Sikutaka mtu ajue."

*Yampayinka!* Laiti ningenyamaza. Mzee mwenye kofia alisukuma sahani yake mbele kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemsogeza nyoka. Mwanamke mmoja wa kwao akanong'ona kitu ambacho neno moja tu nililisikia, na neno hilo lilikuwa Tanzania. Baba akasimama. "Kezia, hicho ni kitu gani?" Nikasema, "Gremolata," na sijui nilitegemea itasaidia nini, ilisikika kama jina la mzimu.

"Onja," Mama Goreti akasema. Akanisukumia sahani yake. "Onja hapa, tukuone."

Hapo nikapata ahueni, kweli, nikasema moyoni kumbe ni rahisi hivi, nitakula wataona. Na kwa kuwa nilitaka waone vizuri nikajaza kijiko kikubwa, nyama ya moto, mchuzi, na lundo la gremolata, nikaingiza kinywani kwa haraka ya mtu asiye na hatia. Sasa, huko nyuma ya jiko nilikuwa nafanya haraka nisionekane, kitunguu saumu sikukikata kama vumbi alivyofanya sista. Kulikuwa na vipande. Kimoja kikachukua njia isiyo yake.

Nilikohoa. Nilikohoa nikashika meza. Nilikohoa macho yakajaa machozi, uso ukavimba, mchuzi ukanitoka puani (naandika yote, nimeahidi kuandika yote), na katikati ya kukohoa nikamsikia mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni, akipiga ukelele kutoka mlangoni mwa jiko: "Maziwa! Leteni maziwa, haraka!"

Mnajua maziwa hupewa nani. Hupewa aliyekula sumu.

Upande wa wageni ukasimama wote kwa pamoja. Viti vikaanguka. Baba mkubwa akasimama kuwazuia, mtu akakivuta kiti chake kupata njia, baba mkubwa akarudi kukaa na kiti hakipo, na ndipo alipokaa chini pale ninaposema hakuzimia. Jirani yetu mmoja akanishika pua akanimiminia maziwa, nikayakohoa juu ya shati lake la Jumapili. Mzee mwenye kofia alikuwa ameshashika fimbo yake. "Tumeona," akasema kwa Kirundi. "Tumeona, inatosha." Emery alikuwa katikati, mkono mmoja umemshika mzee, mwingine umenyooshwa kuelekea nyumba yetu, kama mtu anayejaribu kuzuia milango miwili isifungwe.

Na mlangoni alikuwa Neema. Alikuwa amevaa imvutano, vazi letu la sherehe, ya rangi ya machungwa, nywele zimesukwa tangu jana yake, bado zamu yake ya kutokea mbele ya wageni ilikuwa haijafika. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Alikuwa na ule uso wake wa wakati ule alipoacha kuimba. Akanitazama kupita watu wote, akasema bila kupaza sauti:

"Kezia, ongea. Mara hii moja tu, mdogo wangu, ongea."

Sijui kilichotokea tumboni. Ila yule paka alitoka.

"Subirini!" nilipiga kelele, na sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba mbuzi aliyebaki nyuma ya nyumba alijibu. "Subirini jamani, ni kitunguu saumu! Ni kitunguu saumu na ndimu tu!"

Nikakimbia jikoni kabla sauti haijarudi ndani. Nikabeba ubao, kisu, lile kopo lenye matundu, majani machache yaliyobaki na ungo wa ndimu, nikaja nikapiga magoti pale pale chini mbele ya Mama Goreti na mzee mwenye kofia, nikaanza kukata. Na nikagundua jambo: nikitazama mikono yangu na si watu, maneno yanatoka. Nikawaambia haya ni majani, mnayaona, huko kwenu Gitega yanauzwa sokoni, mama nusa. Hiki ni kitunguu saumu, mara ya kwanza nilikikata vibaya ndiyo maana kimeniziba koo, sasa nakikata vizuri. Hii ni ndimu, nakwaruza ya juu tu. Nikawaambia habari za sista, za nyama ya ng'ombe, za kwamba ukiipika unaiua, ndiyo maana nimeleta mwishoni. Nilikuwa naongea na kukohoa na machozi bado yanatiririka, maziwa yamenikaukia kidevuni.

"Na kwa nini sisi tu?" mzee mwenye kofia akauliza. Fimbo bado iko mkononi. "Kwa nini watu wa kwenu hukuwawekea?"

Lilikuwa swali lenyewe. Nikaacha kukata.

"Yalikuwa machache, mzee. Mengine yalikauka njiani. Nikaona niwape ninyi."

"Ulitupendelea?"

"Ndiyo."

Mama Goreti akainama, akachukua ndimu moja kwenye ungo, nyeupe, haina ganda, akaizungusha kwenye mwanga.

"Ebu angalieni iyi ndimu," akasema. "Wameinyoa kama mwanafunzi!"

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akafuata. Nikaona mabega ya Emery yanashuka. Lakini mzee mwenye kofia alikuwa bado hajakaa, na wote tulikuwa tunamtazama yeye, kwa sababu akitoka uani ndiyo basi.

Ndipo baba yangu alipokuja, akapiga magoti karibu nami (baba! mbele ya wakwe!), akachota gremolata mpya kwenye ubao kwa kidole, akala tupu, bila nyama. Akameza. Uso wake ulikunjamana kama karatasi, lakini akafungua mdomo wakaona. Nikala mimi, kidogo safari hii. Mama akala. Akaja Neema mwenyewe, zamu yake ilikuwa haijafika lakini akaja na imvutano yake, akala, na akaanza kucheka huku analia kwa ukali wa kitunguu.

Mama Goreti akavuta kiti kilichoanguka, akakisimamisha, akakaa kwa uzito. Akavuta sahani yake ile ile ya kwanza. Akala.

"Mm," akasema. Akala tena. "Eh, iyi inakata mafuta ya mbuzi!" Akamgeukia mzee bila kuacha kutafuna. "We, kaa. Miye nimeshakula. Kama ni kufa nitakufa miye, na we utabaki kubeba hizi kreti zote za chupa mpaka Itaba peke yako?"

Mzee alikaa. Fimbo akailaza chini ya kiti, akavuta sahani yake, akala. Na kitu cha kwanza alichosema baada ya kumeza ni kwa baba mkubwa Yeremia, aliyekuwa bado anajipangusa vumbi: "Hivi tulikuwa tumefikia wapi kuhusu yule ng'ombe aliyepotea?"

Mlango ulishikwa. Jioni walipokuwa wanaondoka Mama Goreti aliniuliza mbegu za persili zinapatikana wapi, kisha akanibana shavu kwa mkono unaonuka kitunguu saumu, akasema mwana mwenye moyo wa kutoa na asiye na mdomo anaweza kuua watu kwa presha. Neema aliniosha maziwa kidevuni kama mtoto, huku anaimba chinichini, na mimi nilinyamaza nisimkatishe.

Sasa nimerudi Gitega, na juzi nilipita kwenye meza ya ndizi ya Mama Goreti sokoni. Amepanda persili kwenye kopo la rangi, limekaa pembeni ya mizani, na kila anayeuliza ni majani gani anasimuliwa mkasa mzima kwa sauti ya kuuzia ndizi, mimi nimesimama pale pale. Jina langu pale sasa ni Mwana wa Majani. Ameniambia kwamba siku ya harusi, huko Itaba, nitawekewa meza yangu mbele ya watu wote, na kisu, na ndimu, na nitakatakata huku naeleza. Nikasema sawa.

Ninafanya mazoezi. Namwelezea mama mdogo akiwa amenipa mgongo, na wiki ijayo nitajaribu akiwa amegeuka. Na nimeapa, sitamnyunyizia tena mtu kitu chochote, hata chumvi, hata sukari kwenye chai, kabla sijamwambia ni nini na kukila mbele ya macho yake. Kwa vipande vidogo. Vidogo sana.